Miche Sitini na Miwili

Mwaka nilipokuwa darasa la saba, kule kwa bibi, upande wa Ruangwa, alikuja jamaa mmoja na pikipiki na viroba vitupu. Akavua kofia, akawaamkia wazee vizuri, kisha akauliza kama kuna vijana wanaoujua mkonge wa porini. Tukajitokeza sita. Alitaka ule mfupi, wenye majani mapana yenye madoa na kingo nyekundu zinazojikunja kama mawimbi. Kila shina shilingi mia mbili, likiwa na mizizi yake.

Siku tatu tulipanda kile kilima cha nyuma ya nyumba na kushuka, tukichimba kwa majembe mabovu. Mimi peke yangu nilitoa mashina 32, nikapokea elfu sita na mia nne. Nikanunua viatu vya mtumba. Jamaa akafunga viroba vyake, akawasha pikipiki, na hatukumwona tena.

Kama mwezi hivi ukapita, mdogo wangu akaumwa sikio. Bibi akapanda kilimani kutafuta jani, maana jani la mkonge huo ukilipasha moto kidogo na kulikamua, maji yake hutiwa sikioni. Akarudi mikono mitupu. Alikuta mashimo. Hakunigombeza. Alinitazama miguuni tu, kwenye viatu, kisha akaingia jikoni.

Miaka ikapita. Siku moja niko Dar es Salaam, natembea kando ya Barabara ya Bagamoyo, pale penye vitalu vya maua vya watu binafsi, nikauona umekaa kwenye chungu cheupe juu ya meza. Ni wenyewe kabisa: madoa, mawimbi, ule wekundu wa kingo. Nikamuuliza muuzaji bei.

"Elfu thelathini na tano, kaka. Adimu hiyo."

"Unatoka wapi?"

"Nje."

"Nje ipi?"

"Nje tu, kaka. We unanunua au unahoji?"

Sikununua. Lakini jibu lile la "nje" lilinikaa kichwani kama mfupa wa samaki kooni, nikaanza kuitafuta historia ya mimea hii, yaani ile yenye kuhifadhi maji majanini, na ya watu walioitafutia vitalu. Ndugu msomaji, nilichokipata ni kikubwa kuliko nilichokuwa natafuta. Uchumi mzima wa nchi yetu uliwahi kusimama juu ya mtu mmoja aliyehangaika kutafuta kitalu cha mmea adimu.

Tuanze na jina. Leo ukimwambia kijana yeyote "mkonge" atakuonyesha ile katani ya mashambani, yenye majani kama mapanga na mwiba nchani. Lakini neno hilo lilikuwepo pwani kabla katani hiyo haijaletwa. Mkonge wa mwanzo ni huu wa bibi, mmea wa asili unaoota vichakani, kwenye kivuli. Majani yake yakipondwa na kukwanguliwa hutoa nyuzi nyeupe, imara, za kusokota kamba na kutegea wanyama. Wataalamu waliuita Sansevieria. Mgeni alipokuja na nyuzi zinazofanana na hizo, akarithi jina, na mwenyeji akabaki kuitwa "wa porini". Hebu fikiria mtu anahamia nyumbani kwako, anachukua jina lako, kisha wewe unaanza kuitwa "yule wa uani".

Mmoja wa wazungu wa kwanza kuuangalia mmea huu kwa makini alikuwa John Kirk, daktari Mskoti mwenye kupenda mimea. Mwaka 1862 alipanda mto Ruvuma kwa mashua pamoja na David Livingstone, mpaka maporomoko yakawazuia wakarudi. Maana yake alipita kusini yetu hii, na mto ule ndio mpaka wetu. Mwaka 1866 alifika Unguja kama daktari wa ubalozi wa Uingereza, na baadaye akawa balozi mwenyewe. Historia inamkumbuka kwa kumbana Sultani Barghash mpaka soko la watumwa likafungwa mwaka 1873. Sisi wa mimea tunamkumbuka kwa bustani yake ya Mbweni, ambako alipanda mimea ya huku na ya mbali, na kwa shehena za mimea alizokuwa akipeleka Kew, bustani kubwa ya mimea kule London. Mwaka 1887 mtaalamu wa Kew, J. G. Baker, alikipa kimoja cha vizazi vya mkonge wetu jina la Kirk: Sansevieria kirkii. Huo ndio wa majani yenye mawimbi.

Mwaka huohuo jarida la Kew lilikuwa likiijadili mikonge ya aina hii kama mali ya biashara, kwamba nyuzi zake zingefaa kamba za meli. Ikumbukwe kwamba enzi hizo dunia ilikuwa na njaa ya kamba. Meli zilitaka kamba, na mashine za kuvunia ngano za Marekani zilitaka nyuzi za kufungia miganda. Mkonge wetu ulikuwa na kasoro moja tu mbele ya mwenye haraka: hukua taratibu. Mwenye mtaji hana subira ya namna hiyo.

Hapo ndipo anaingia Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Alikuwa akitafuta zao la kufaa ardhi kame ya pwani ya Tanga na Pangani, na katika jarida lilelile la Kew akasoma habari za mmea wa Meksiko uitwao sisal, jina lililotokana na bandari ndogo ya Sisal, rasi ya Yucatán, ambako nyuzi zilikuwa zikipakiwa melini. Tatizo likawa moja. Meksiko ilikuwa haitaki kutoa miche. Walijua walichonacho, wakafunga mlango.

Basi Hindorf akafanya kile ambacho kila mtafutaji wa mmea adimu hufanya hadi leo. Akauliza: nani mwingine anao?

Jibu lilikuwa Florida, Marekani, na sababu ya kuwepo kule ni hadithi inayojitegemea. Daktari mmoja Mmarekani, Henry Perrine, alikuwa konseli wa nchi yake huko Campeche, Meksiko, kuanzia mwaka 1827. Aliupenda mmea huu, akaupa jina lake la kitaalamu, Agave sisalana, na katika miaka ya 1830 akaupeleka Florida ya kusini akitumaini kuanzisha mashamba. Mashamba hakuyaona. Tarehe 7 Agosti 1840, katika vita vya Waseminole waliokuwa wakipigania ardhi yao, kisiwa cha Indian Key alikokuwa akiishi kilishambuliwa, naye akauawa. Mimea yake ikabaki. Ikazaa, ikasambaa, ikawa pori. Miaka hamsini baadaye wenye vitalu vya Florida walikuwa wakiuza miche ya mmea uliopandwa na marehemu.

Hindorf akaagiza vikonyo 1,000. Kikonyo ni kile kitoto cha mkonge kinachoota juu kwenye mlingoti wa maua. Ukikidondosha ardhini kinashika. Mzigo ukasafiri kwa meli mpaka Hamburg, ukapakiwa tena, ukazunguka mpaka Tanga. Ulipofunguliwa mwaka 1893, vilivyokuwa hai vilikuwa 62.

Sitini na viwili! Gunia moja lisingejaa. Vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, katika kitalu, vikatunzwa kama watoto njiti. Mkonge hauhitaji mbegu, mmoja huzaa vikonyo mamia kwa mamia, vyote pacha wa mama yao. Kufikia mwaka 1913 koloni hii ilikuwa ikisafirisha nje kiasi cha tani 20,000 za katani kwa mwaka. Kenya nayo ilichukua mbegu yake kutoka huku mwanzoni mwa karne ile. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, katani ndiyo iliyokuwa ikiongoza kuingiza fedha za kigeni.

Kuna hadithi, nimeisikia kijiweni na kuikuta kwenye maandishi, kwamba miche ile ilitoroshwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Kama mtu anayeota kuandika riwaya, naupenda sana mamba huyo, na ipo siku nitamtumia. Lakini ukiangalia vizuri hahitajiki. Vikonyo vilinunuliwa kwa mwenye kitalu, kwa fedha, na kupelekwa bandarini. Wizi hasa, kama ni wizi, ulifanywa na Perrine kwa kibali cha ukonseli wake, zaidi ya miaka hamsini nyuma, na aliulipia kwa namna yake.

Mwaka 1893 ulikuwa na mambo. Mwaka huohuo Dar es Salaam ilianzishiwa bustani ya mimea chini ya Profesa Stuhlmann, hasa kwa kujaribia mazao ya biashara. Mwaka huohuo, huko Ujerumani, kijiua cha zambarau kutoka misitu ya Usambara kilipewa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya mkuu wa wilaya aliyekipeleka, Walter von Saint Paul. Kampuni ya vitalu ya Benary, mjini Erfurt, ikakizalisha na kukiuza, na leo ua hilo limekaa kwenye madirisha ya akina mama dunia nzima wasioijua hata Tanga iko wapi. Kwa hiyo mmea mmoja unaingia bandari ya Tanga, mwingine umetoka milima ya nyuma yake. Aliyefaidika kote kuwili ni mwenye kitalu. Mwaka 1902 Wajerumani wakajenga Amani, kituo kikubwa cha utafiti chenye bustani ya maelfu ya mimea ya kigeni, huko huko Usambara. Waingereza nao walipofungua kituo cha utafiti wa mkonge, wakakiweka Mlingano, Tanga tena.

Na Kusini? Kusini tulipata mashamba. Kikwetu, Mkwaya, Kitunda, yote karibu na mji wa Lindi. Wamwera wa Nachingwea na Ruangwa, waliokuwa wameshaonja mashamba ya wazungu na matokeo yake (Vita vya Majimaji mwaka 1905 viliwaka sana huku, misheni ya Nyangao ikachomwa), walishuka pwani kwa miguu kutafuta fedha ya kodi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao, miaka ya 1950. Manamba. Neno lenyewe limetokana na namba. Mtu alikuwa namba, na kipande chake kilikuwa kadi yenye siku thelathini za kazi, ukimaliza zote ndipo unalipwa mshahara wa mwezi. Siku uliyoumwa haikuandikwa.

Kazi ya babu haikuwa kukata. Alikuwa kitaluni. Alitusimulia kwamba vikonyo vilipangwa kwa mistari iliyonyooka kama askari wa gwaride, na vilikaa hapo mwaka mzima na zaidi kabla ya kuhamishiwa shambani, na mnyapara alikuwa mkali zaidi kitaluni kuliko penginepo. Ukivunja jani la mkonge mkubwa unakaripiwa. Ukikanyaga mche unakatwa siku. Babu alisema, "Kale katoto kalikuwa na thamani kunishinda." Alikuwa akicheka anapolisema hilo. Mimi nikiwa mdogo nilicheka naye.

Halafu zikaja karanga. Wasomaji wengi mnaujua mpango huo, kwa hiyo nitapita haraka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza, wakiwa na uhaba wa mafuta ya kula, waliamua kulima zaidi ya ekari milioni tatu za karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza mwaka 1947. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, bandari ya Mtwara ikachimbwa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kushindwa, pauni kama milioni 36 zikiwa zimepotea, na reli nayo ikang'olewa mapema miaka ya 1960. Baadaye ardhi ya shamba moja la mpango huo, Farm 17, ikawa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, na mwaka 1975 Samora Machel aliondoka Nachingwea kwenda kuipokea nchi yake. Hilo ni zao zuri kuliko karanga, lakini si mada yangu.

Mada yangu ni vichaka vilivyofyekwa. Vifaru vile vilipopita na minyororo yao viling'oa kila kilichosimama na kilicholala: miombo, vichuguu, minyaa, mishubiri, na mkonge wa porini uliokuwa chini ya kivuli. Wataalamu wa mpango walikuwepo, na baadhi yao walikusanya mimea ya Nachingwea, wakaikausha na kuihifadhi kwenye makaratasi. Mmea mkavu ni ushahidi mzuri. Lakini hauoti. Kitalu kilichotengenezwa Nachingwea kilikuwa cha kujaribia karanga na mazao mengine. Wa kutenga ekari moja kwa ajili ya vilivyokuwepo hakutokea.

Hata makaratasi nayo yana mwisho wake. Mimea mingi iliyokusanywa enzi za Wajerumani, ikiwemo ya bara la Lindi, ilihifadhiwa Berlin, kwenye jumba la mimea mikavu la Dahlem. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 ndege za Uingereza zilipiga mabomu, jumba likaungua na sehemu kubwa ya akiba yake. Sisi watu wa Lindi kila mwaka tunamlilia mjusi wetu wa Tendaguru, yule mkubwa aliyechimbuliwa kati ya mwaka 1909 na 1913, ambaye bado amesimama Berlin akitazamwa kwa tiketi. Tuna haki ya kulia. Ila mjusi yupo, unaweza kumdai. Karatasi iliyoungua utaidai kwa nani? Inabidi urudi pale mmea ulipochumwa, uangalie kama bado upo.

Na pale ulipochumwa, mtu ameshapita na pikipiki.

Siku hizi mimea ya majani manene imekuwa homa. Ulaya, Marekani na Asia wapo watu wanaokusanya mikonge ya porini kama wengine wanavyokusanya stempu, na wapo wenye vitalu maalumu wasiouza kitu kingine. Mmea mwingine wa pwani yetu, Zamioculcas, unaoota kuanzia Kenya hadi Natal, ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1829 na akina Loddiges, ambao nao walikuwa wenye kitalu, Hackney, London. Ukakaa zaidi ya karne na nusu bila umaarufu, mpaka Waholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990. Sasa uko mapokezi ya kila benki, Dar es Salaam ikiwemo. Unapandwa kwa kipande cha jani tu! Mholanzi hakuhitaji kurudi msituni mara ya pili.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka wenzangu muione. Mwenye kitalu cha kweli huchukua mara moja, kisha huzalisha. Anayejiita mwenye kitalu huku kila wiki anatuma viroba porini ni mchimbaji, sawa na wachimbaji wa mawe yetu ya thamani, ila jiwe halikuwa na watoto. Sheria ipo, angalau kwa baadhi. Mkataba wa CITES, uliosainiwa Washington mwaka 1973, unataka kibali kusafirisha nje ya nchi mishubiri ya porini na jamii ya minyaa yenye majimaji, na Tanzania ni mwanachama. Lakini mkataba huo unamngoja mtu mpakani. Kilimani kwa bibi hakuna mpaka.

Nilirudi kwa muuzaji wa Barabara ya Bagamoyo mara ya pili, safari hii bila kuhoji sana. Nikamwambia kwetu ni Ruangwa. Akanyamaza kidogo, akanipa kiti.

"Sasa mdogo wangu, si unitafutie mzigo? Mimi ninalipa vizuri. Elfu mbili shina."

Elfu mbili! Mara kumi ya viatu vyangu. Nikamuuliza kwa nini asioteshe mwenyewe kwa majani. Akasema jani linachukua mwaka kuleta mche wa kuuzika, na mwenye fremu hangoji mwaka kodi yake. Nikamwelewa. Kwa kweli nilimwelewa kuliko nilivyopenda. Nikamwomba aniuzie jani moja tu lililovunjika. Akanipa bure.

Jani lile nililikata vipande kumi na kimoja, nikaviacha vikauke kidonda siku tatu, nikavichomeka kwenye mchanga ndani ya ndoo ya rangi iliyokatwa, upande uliokuwa chini ukibaki chini, maana ukigeuza haoti mtu. Likizo iliyofuata nikaibeba ndoo kwenye basi la kusini, nimeipakata magotini njia nzima, kondakta akinidai nauli ya mzigo. Viwili vilioza njiani. Tulipofika bibi akaikagua, akauliza ni nini hiki. Nikamwambia, mkonge, bibi.

"Huu?"

"Huu huu."

Akachukua jembe, akatafuta kivuli nyuma ya jiko, akachimba mashimo tisa.